Somo Dogo Kando ya Kaburi

Nililichagua somo la Uandishi na Mawasiliano kwa sababu ya jembe. Chuoni kwetu, chuo cha ualimu kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Kisii, kila mwanafunzi alikuwa na masomo yake makubwa, yale ambayo angekwenda kuyafundisha, halafu alitakiwa achukue somo dogo moja la kujaziliza. Wavulana wengi walikimbilia useremala. Wasichana tulisukumwa kwenye ushonaji na upishi. Kuimba kulikuwa na wenyewe. Uandishi na Mawasiliano ndilo lililokuwa halina mwenyewe, na vipindi vyake vilikuwa mchana baada ya chakula, wakati ambapo wenzetu wote walipelekwa kulima shamba la chuo. Mimi nilikuwa nimezaliwa shambani na kulelewa shambani, na sikuwa nimekwenda mjini kutafuta shamba lingine. Nikaandikisha jina langu.

Wenzetu walitucheka. Waliliita somo la chumvi, kwa kuwa, walisema, hakuna aliyewahi kushiba chumvi. "Sasa nyinyi mnaandikiana nini huko ndani?" walituuliza wakirudi na matope mpaka magotini. Tulikuwa wachache kiasi cha kutosha benchi mbili, na nafasi ikabaki. Somo langu kubwa lilikuwa hisabati, basi sikujali kucheka kwao. Hisabati ingenipa kazi, na hili dogo lingenipa kivuli.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Pwani, mzee kidogo, mkavu, ambaye hakuvua koti hata jua likiwaka kwa sababu baridi ya milima yetu ilimwonea. Kiswahili chake kilitutia haya. Sisi Kiswahili tulijifunza darasani, tukakitumia sokoni na kwa wageni, na tukifika nyumbani tulikiacha mlangoni pamoja na viatu. Yeye alikila kama chakula cha kwao. Lakini hakutudhihaki. Alimsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha akalirudia lile lile alilosema, ila sawasawa, kana kwamba mwenyewe ndiye aliyelisema hivyo, halafu akaendelea na kazi.

Muhula wa kwanza alitufundisha kuandika, na kwake kuandika kulikuwa ni kukata. Kila neno lilipaswa kuwa na kazi, na lisilo na kazi lifukuzwe bila kuagwa. Muhula wa pili tukaingia kwenye mawasiliano. Hapo alituambia jambo ambalo wote tulilinakili na hakuna aliyelifikiria. "Unaandika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo," alisema. "Unasema kwa ajili ya mtu aliyepo. Msiwachanganye hawa wawili, mtawakosa wote."

Sehemu ya mawasiliano ilikuwa na ukalimani ndani yake. Mwalimu alimwalika mama mmoja mchuuzi wa ndizi aliyepita chuoni, akampa kiti, kisha yeye akasema jambo kwa Kiswahili, na mmoja wetu akalieleza kwa Kikisii. Halafu mama yule aliulizwa amesikia nini. Alichojibu kisipofanana na alichokusudia mwalimu, tulirudia. "Usimpe maneno yangu," mwalimu alituambia. "Mpe jambo langu." Msichana mmoja mchokozi akauliza, na kama jambo lenyewe ni la uongo je? Mwalimu akafikiri. "Basi mkalimani huyo ana bahati mbaya," akasema, na sote tukacheka, mama wa ndizi naye akacheka ingawa hakuwa amesikia kitu.

Siku habari ilipofika tulikuwa tumerudi kwenye kukata kidogo. Tulipewa aya ndefu kuhusu mvua ya mawe iliyoharibu majani chai, tukatakiwa tuipunguze mpaka ibaki mifupa. Karani wa chuo alisimama mlangoni, akanong'ona na mwalimu, na mwalimu akanitazama. Akaja mpaka kwenye benchi yangu, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yangu amefariki asubuhi hiyo akiwa kazini. Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikisii, alikuwa nyapara wa vibarua wa barabara upande wa Keumbu. Alianguka akiwaonyesha vijana wake mahali pa kumwaga kokoto, wala hakuwa ameugua. Nilimwambia mwalimu, "Asante." Kisha nikamaliza sentensi niliyokuwa nayo, nikafuta neno "sana", nikatia nukta. Yeye alisimama pale akingoja nimalize.

Ningependa kusema kwamba nililia. Nimesoma kumbukumbu za watu wengine, wao hulia palepale. Mimi nilifunga vitu vyangu nikiwaza kama nimelipa sabuni niliyoazima kwa jirani yangu wa kitanda. Nilipata nafasi kwenye lori la chai lililokuwa likirudi tupu, nikashuka Kebirigo, nikatembea hadi nyumbani. Kutoka mbali nilisikia vilio kule juu kilimani. Nilivisikia kama mtu anavyosikia harusi ya majirani asiyoalikwa. Nilipofika uani wanawake walinikumbatia na kunililia shingoni, nikawashika mabega mpaka walipochoka.

Hapa lazima niseme nyumba yetu ilivyokuwa. Tata alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa, mke wa kwanza, alikaa nyumba ya juu, kwenye mgongo wa kilima, pamoja na wanawe wa kiume. Mama yangu alikaa ng'ambo ya kijito, pamoja na sisi wasichana watupu, mimi nikiwa kifungua mimba. Chai yote ya ng'ambo ile aliipanda mama kwa mikono yake, wakati watu wengi walikuwa bado wanaiogopa chai na kusema kwamba shamba likishikwa na chai halitakubali tena mahindi wala wimbi.

Katikati ya miaka ya sitini, mimi nikiwa bado shule ya msingi, tata aliamua kubatizwa. Aliyemvuta ni kaka yangu mkubwa wa nyumba ya juu, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu na ambaye baadaye alipewa shule nzima aiongoze. Wahubiri walikuja nyumbani. Kwanza walisema habari ya pombe, na tata akaiacha. Wakaja tena wakasema habari ya ebitinge. Hizo ni pete za chuma anazovishwa mwanamke wa Kikisii miguuni siku ndoa yake inapokamilishwa kimila, na mwenye nazo hakuna wa kumwuliza yeye ni nani katika mji ule. Wahubiri walisema ni ushenzi. Mama mkubwa akazikata zake, mama akazikata zake, siku moja, kwa tupa moja, wakipokezana, na zote zikatupwa kwenye shimo la choo kipya. Ndipo wahubiri wakaja mara ya tatu na kusema lile walilolibakiza mwisho, kwamba mtu wa Mungu ana mke mmoja. Tata akabatizwa pamoja na mama mkubwa. Mama akabaki ng'ambo, hana ubatizo na hana chuma mguuni.

Tata hakumfukuza. Sijui kama hilo ni la kumsifu. Alivuka kijito mchana, mbele ya macho ya watu, akaulizia ng'ombe, akanywa uji akiwa amesimama, akarudi. Ndani ya nyumba ya mama kulikuwa na kiti cha tata cha miguu mitatu, cha tangu zamani, na miaka yote hiyo sikumwona akikikalia. Mama alikifuta vumbi kila siku. Nilipokuwa mdogo nilifikiri viti vyote hufutwa hivyo.

Sasa tata alikuwa amekufa, na swali lililokuwa limefunikwa kwa uji wa kusimama likawa wazi. Kwetu, kabla ya mtu kufukiwa, historia yake husomwa kando ya kaburi, amezaliwa wapi, amefanya nini, ameacha nani. Zamani wazee waliisema kwa mdomo. Siku hizo za kanisa na shule ikawa ni ya karatasi. Lakini kanuni ya zamani haikuondoka. Neno likisemwa kaburi likiwa wazi, na asitokee wa kulipinga, limekwisha, hakuna baraza litakalolifufua. Atakayetajwa kuwa mke ni mke. Asiyetajwa, atafute kwao.

Kwao mama hakukuwa na mtu. Ndugu zake wa kiume walikuwa wamekufa wote, na boma lao lilikuwa limeota nyasi. Jioni ile ya kwanza alinipa chakula, akaketi akinitazama ninavyokitafuna bila ladha. "Wewe ndiwe watakayekwambia uandike," alisema. "Nimewasikia. Wakiniacha nje siku hiyo, wameniacha nje kabisa." Aliongea kama anayenieleza ng'ombe amelala wapi. Nilipata ubaridi wangu kwake, nadhani. Wadogo zangu walikuwa wamelala wamebanana kitandani, macho yamevimba.

Na kweli, kesho yake niliitwa nyumba ya juu. Kaka alikuwa mezani na mzee wa kanisa, mwanamume mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Kaka alinipa karatasi na kalamu. "Wewe ndio umesomea hii mambo ya kuandika, sindio?" alisema kwa Kiswahili, maana mbele ya mzee wa kanisa alipenda kuwa mwalimu mkuu. "Basi andika historia ya tata. Kwa Kiswahili safi. Wale watu wa barabara watakuja, Wajaluo, Waluhya, na yule mwenye duka wa Keumbu. Nitasoma mimi."

Niliandika. Mkono wangu ulifanya kazi yake vizuri, na hilo lilinishangaza kidogo, kama unavyoshangaa mguu uliokufa ganzi unapokubali kukanyaga. Nilianza na kuzaliwa kwake, nikaendelea na kazi, mahali alipopitisha barabara, jinsi alivyowajua vibarua wake wote kwa majina ya baba zao. Sikuweka neno lisilo na kazi. Nikafika kwenye ameacha nani, nikaandika nyumba mbili. Nikaandika ni nani aliyeipanda chai ya ng'ambo.

Mzee wa kanisa alisoma, akakohoa. Alisema nimeandika vizuri sana, na kwamba chuo kinafundisha. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba marehemu alikuwa mshiriki wa kanisa na kanisa linamjua kwa mke mmoja. Kaka alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akapiga mstari juu ya aya nzima, polepole, akitumia ubavu wa Biblia ili mstari unyooke. "Watoto wote waandikwe," alisema, "nyinyi pia. Hatubagui." Nikaambiwa ninakili upya. Nilinakili. Katika nakala ile safi sisi wasichana wa ng'ambo tulikuwamo, kila mmoja kwa jina lake. Tulizaliwa na nani, karatasi haikujua.

Watu huniuliza kama nilikasirika. Hasira ni moto, na mimi wiki ile sikuwa na hata kijinga cha moto. Nakumbuka nilitazama ule mstari na nikafikiri kwamba umenyooka.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka kwenye chai. Vibarua wa barabara walikuja na koleo zao begani, kwa heshima, wakasimama upande mmoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyumba ya juu, upande wa kulia, ndipo mwanamume anapozikwa kwetu. Mama mkubwa aliketi kwenye mkeka karibu na sanduku. Mama aliketi nyuma kabisa penye migomba, pamoja na majirani, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Wadogo zangu walimzunguka.

Mkalimani wa kanisa alikuwa amekwenda Nyakoe kwenye mazishi mengine. Kaka aliposimama na karatasi aligundua kwamba ana Kiswahili cha wageni lakini hana mtu wa kukigeuza kwa ajili ya wazee na wanawake, ambao kwao Kiswahili kilikuwa ni sauti ya redio. Angeweza kukigeuza mwenyewe. Lakini kaka alikuwa mtu wa kupenda jambo lionekane limepangwa, na pia, nakubali, alijivunia kuwa na dada chuoni. Akaniashiria. "Dada yetu hapa ndiye anasomea mawasiliano," aliwaambia wageni. "Atatafsiri." Nikatoka katikati ya watu, nikasimama upande wake wa kushoto, miguu yangu kwenye udongo mwekundu uliotolewa shimoni.

Macho niliyaweka chini. Kwetu kuna ensoni, haya ya heshima, binti hawakazii macho baba zake wadogo na wazee wa ukoo, na siku ya msiba ndiyo zaidi. Kwa hiyo sikuona uso wa mtu. Niliona viatu vya kaka, vilivyopigwa rangi, na kando yake miguu ya mama mkubwa mkekani, na juu ya kifundo alama nyepesi ambapo chuma kilikaa ujana wake wote.

Kaka alisoma aya, akanyamaza, nikasema kwa Kikisii. Tata amezaliwa. Nikasema. Tata amekwenda kwenye kazi ya barabara. Nikasema. Sauti yangu ilitoka sawa, bila mtetemo, na nilisikia mwanamke nyuma akinong'ona kwamba huyu msichana ana moyo wa jiwe. Hakukosea. Nilikuwa nikifanya zoezi la darasani, mama wa ndizi ameketi kitini, na mimi namwambia jambo.

Kisha kaka akasoma, "Marehemu ameacha mjane mmoja, na watoto." Akanyamaza ili nitafsiri.

Nikasema kwa Kikisii, kwa sauti ileile, "Ameacha wake wawili. Wa kwanza ni huyu wa nyumba ya juu. Wa pili ni yule wa ng'ambo ya kijito, aliyeketi pale nyuma penye migomba, na chai yote ya ng'ambo ni ya mkono wake. Na ameacha watoto."

Sikuwa nimepanga. Najua mtu akisema hivyo haaminiwi, lakini sina namna nyingine ya kulisema. Karatasi ilikuwa kwa ajili ya watu ambao hawakumjua tata nyumbani kwake, na hao nilikuwa nimeshawaandikia kama nilivyoagizwa. Waliokuwa mbele yangu ni watu waliomwona akinywa uji wa kusimama. Kinywa changu kiliwapa jambo lenyewe, basi.

Vibarua wa kigeni waliendelea kusimama kwa adabu, wakijua kwamba sasa ni zamu ya Kikisii. Viatu vya kaka havikusogea. Baadaye nilielewa alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa haina jibu zuri. Akinisahihisha kwa Kiswahili, wageni watajua kwamba nyumba inagombana juu ya sanduku. Akinisahihisha kwa Kikisii, atakuwa amewauliza wazee, kaburi likiwa wazi, kama ninasema uongo, na mzee yeyote angeweza kumjibu.

Aliyejibu kabla hajauliza ni mama yake. Mama mkubwa hakuinua sauti. "Nabo igo," alisema. Ndivyo ilivyo. Alilisema kama anayekubali bei ya kuku.

"Nabo igo," baba mdogo mmoja akaitikia. Kisha mwingine. Wanawake wa nyuma wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini iliyopita kwenye migomba. Mzee wa kanisa alikohoa, na baada ya kukohoa hakukufuata sentensi. Kaka akaendelea kusoma aya inayofuata, ambayo ilihusu barabara.

Karibu na mwisho baba mdogo aliuliza, kama desturi, kama kuna mtu mwenye neno. Hakutokea. Mama mkubwa akatupa udongo. Halafu baba mdogo akageukia migomba na kumwita mama kwa jina la pale nyumbani, "mama wa ng'ambo", aje atupe wake. Mama alinyanyuka, akafumbata kitenge chake, akapita katikati ya watu wote wale. Walimpisha. Aliponipita hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Nilitazama udongo ukitoka mkononi mwake.

Kaka alinikuta jioni nikiosha sufuria kijitoni. "Hiyo maneno haikuwa kwa karatasi," alisema.

"Haikuwa."

"Mzee wa kanisa ananiuliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie nilitafsiri."

Alisimama kidogo akitazama maji. Hakuwa mtu mbaya, kaka yangu. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Aliniambia sufuria ile kubwa ni ya kuazima kwa jirani, nisiisahau, akapanda kilima. Karatasi aliipeleka kanisani ikahifadhiwa, na kwa ninavyojua imo humo mpaka leo, na ndani yake tata ameacha mjane mmoja.

Mama mkubwa nilimwuliza mara moja tu kwa nini aliitikia. Hawakuwa marafiki, yeye na mama. Walikuwa wamegombania kila kitu kinachoweza kugombaniwa na wake wenza, ndizi, kuku, mtoto wa nani kampiga wa nani. Alinitazama kana kwamba chuo kimeniharibu akili. "Nilipika naye kwenye moshi mmoja kabla hujazaliwa," alisema. "Unataka niukane moshi?" Akaniambia nimpishe, namzibia mwanga.

Nilirudi chuoni. Nilikula, nikalala, nikafanya hesabu, na hesabu zilikubali. Marafiki zangu walitembea karibu nami kwa uangalifu, wakingoja nianguke, na nilipokosa kuanguka wakachoka kungoja. Mwalimu wa somo dogo aliniita baada ya kipindi. Aliuliza kama niliandika chochote nyumbani. Nikasema niliandika. Akauliza kama nilisema chochote. Nikasema nilisema.

"Ni jambo moja?" akauliza.

"La."

Alinirudishia ile aya yangu ya mvua ya mawe, aliyokuwa ameisahihisha. Alikuwa amelirudisha neno "sana" nililolifuta siku ile, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu kwamba hapo lilikuwa na kazi. Nilisoma, nikakunja, nikatia mfukoni. Mwisho wa mwaka nilipasi somo dogo vizuri kuliko hisabati, na wenzangu wakasema ile chumvi sasa imekolea.

Mama aliishi ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyewahi kuja kumwambia atafute kwao. Alichuma chai yake, akaipeleka kituoni, akagombana na karani wa mizani kama watu wote. Miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea kwisha, mimi nikiwa mwalimu upande wa Nyakoe, nilikwenda kumwona siku moja ya likizo. Mvua ilikuwa imetufungia ndani. Yeye alikuwa akipepeta wimbi, mimi nimesimama mlangoni nikiitazama chai inavyolowa. Hatukuwahi kuizungumza siku ile ya kaburi, hata kidogo.

"Niambie tena ulivyosema," alisema ghafla, bila kuacha kupepeta.

"Nilivyosema lini?"

"Siku ya babako. Mimi nilikuwa nyuma, upepo ulikuwa kwenye migomba. Nilisikia watu wakiitikia tu. Wewe mwenyewe sikukusikia."

Miaka yote hiyo nilidhani amesikia. Alikuwa amepita katikati ya watu, ametupa udongo, ameishi, na hajui nilisema nini. Basi nikamwambia, kwa Kikisii, kwa sauti ya mkalimani. Ameacha wake wawili. Wa kwanza ni huyu wa nyumba ya juu. Nikafika kwenye wa pili ni yule wa ng'ambo ya kijito, na sauti ikakatika. Nilijaribu kuirudisha ikakataa. Nikamwona tata amesimama palepale niliposimama mimi, mlangoni, bakuli la uji mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu karani wa chuo asimame mlangoni mwa darasa nikajua kwamba amekufa. Iliniuma sana.

Mama akaweka ungo chini. Akakivuta kile kiti cha miguu mitatu, akakifuta kwa upindo wa kitenge kama kawaida yake, akanisogezea. Nikakaa, nikalia mpaka mvua ikakatika.